Mchicha, matembele au kisamvu: mboga ipi ikae nyuma ya nyumba yako

Ukiwa na tuta moja tu, la mita moja kwa mita tano, huwezi kupanda kila mboga unayoipenda. Lazima uchague. Wengi huchagua kwa kuuliza ipi ina vitamini nyingi, na baada ya miezi miwili tuta limegeuka magugu, kwa sababu mboga yenye sifa hizo ilidai maji ambayo hayakuwapo. Maswali ya kuanza nayo ni matatu. Kiangazi kikishika, maji unayo kiasi gani? Nani atakanyaga bustanini kila siku? Na jikoni kuna kinu na moto wa saa nzima, au mboga inatakiwa iive wakati ugali unasongwa?

Hapa tunalinganisha mboga tatu ambazo karibu kila soko la pwani na la maziwa makuu linazo. Majina hubadilika njiani. Mchicha wa Dar es Salaam na Mombasa ndio lengalenga ya Bukavu na Bujumbura, ndio dodo ya Uganda, ndio terere ya Wakikuyu. Kisamvu cha Tanga ndicho sombe ya Kivu na Lubumbashi, na isombe ya Kigali. Matembele ni majani ya viazi vitamu, na ukilitaja jina hilo hata Kinshasa utaeleweka. Usiyachanganye na matembele ya bwawani, ambayo shina lake lina uwazi ndani na majani yake ni marefu kama ncha ya mkuki. Hayo ni ndugu wa matembele, lakini yanataka kukaa kwenye tope, na yakikosa maji siku mbili yanakomaa na kuwa kamba.

Sukuma wiki, mnavu na mgagani hatukuziingiza. Sukuma wiki inastawi zaidi kwenye baridi ya nyanda za juu, na mbili za mwisho zina uchungu unaohitaji maelezo yake.

| | Mchicha | Matembele | Kisamvu |
|---|---|---|---|
| Unapanda nini | Mbegu | Marando | Pingili za shina |
| Chumo la kwanza | Siku 21–30 | Wiki 5–6 | Miezi 3–4 |
| Unadumu na shamba hilo hilo | Mwezi 1 ukiung'oa, miezi 2–3 ukiukata | Kama miezi 6 | Mwaka na zaidi. Kisamvu cha mpira (mti wa jamii ya muhogo), miaka mingi |
| Maji ya kiangazi kwa tuta la mita 1 × 5 | Lita 30 kila siku | Lita 40, mara 2 au 3 kwa wiki | Ya kuanzia tu |
| Muda wa moto | Dakika 3–5 | Dakika 8–10 | Saa 1 na zaidi |
| Kinachokwamisha | Kinyaushi (ukungu unaoangusha miche), viwavi, maua ya mapema | Virusi, marando yaliyochoka | Batobato (ugonjwa wa virusi wa muhogo), na kazi ya kutwanga |

Maji ndiyo yanayoamua

Kwenye jua la Januari huku pwani, kila mita ya mraba ya bustani inapoteza lita 5 hadi 6 za maji kwa siku. Mchicha uliopandwa kwa msongamano, wenye umri wa wiki tatu, mizizi yake bado iko juu juu, kwa hiyo lita hizo zisiporudishwa siku hiyo hiyo, kesho saa sita mchana majani yanalala. Ukiuacha hivyo siku mbili au tatu, mmea unaona maisha yake yanaisha na unakimbilia kutoa maua.

Kama maji unayanunua kwa dumu, fanya hesabu hii kabla ya kununua mbegu. Lita 30 kwa siku kwa siku 25 ni lita 750, yaani karibu madumu 38 ya lita 20. Tuta lenye afya litakupa kilo 8 hadi 10 za mchicha uliong'olewa pamoja na mizizi. Weka bei ya dumu ya mtaani kwako, kisha ulinganishe na bei ya fungu sokoni. Sehemu nyingi utakuta mchicha wa kununua ni nafuu kuliko wa kuulea kwa maji ya kununua, na hakuna aibu kuukubali ukweli huo.

Matembele yana siri yao. Marando yakishatambaa yanafunika udongo wote, jua halifiki chini, na kila kifundo kinachogusa ardhi kinatoa mizizi. Ndiyo maana yanavumilia kumwagiliwa mara mbili kwa wiki, na maji ya kuoshea mboga au mchele yanatosha sehemu kubwa ya kazi. Maji ya kufulia yatumie kwa tahadhari: yaliyo na dawa ya kung'arisha nguo yamwage kwingine, na yale ya sabuni ya kawaida yamwage kwenye udongo, si juu ya majani utakayokula.

Muhogo ukishashika, haukuombi kitu. Ukame ukizidi unaangusha majani ya chini na kubakiza yale madogo ya kileleni, mvua ikirudi unachipua upya.

Mchicha: haraka, lakini unadai

Weka ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza kabisa, ichanganye na udongo wa juu sentimita 15. Samadi mbichi inaunguza miche, na inaleta mbegu za magugu ambazo utazing'oa kwa kidole kimoja kimoja katikati ya mchicha.

Gramu moja ya mbegu ina chembe zaidi ya elfu moja. Kwa tuta hili gramu 10 zinatosha, karibu vijiko viwili vya chai vilivyopigwa usawa na kisu. Changanya na mchanga mkavu mara kumi yake, usambaze kwenye vifereji vyenye kina cha nusu sentimita, umbali wa sentimita 15 hadi 20 kati ya kifereji na kifereji. Funika kwa udongo laini kidogo tu. Mbegu hii haina akiba ndani. Ukiifukia sentimita mbili, inachipua gizani na kuishiwa nguvu kabla ya kuona jua. Tandaza nyasi kavu nyembamba, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo, na siku ya tatu hadi ya tano, ukiona vichwa vyekundu-kijani vimechungulia, ondoa nyasi zote jioni hiyo. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka, inakuwa myeupe, na haisimami tena.

Tuta lisipoota kabisa, usikimbilie kuilaumu mbegu. Chunguza pembeni asubuhi: sisimizi hubeba mbegu za mchicha chembe kwa chembe, utawaona kwenye mstari. Mstari wa majivu kuzunguka tuta, unaorudishwa kila baada ya kumwagilia, unawapunguza sana.

Kinyaushi kinakuja wiki ya kwanza na ya pili. Inama uangalie mche ulioanguka: majani bado ni ya kijani, lakini shina pale linapogusana na udongo limekonda kama uzi na kuwa la kahawia. Huo ni ukungu wa udongoni, na unaupa nafasi mwenyewe kwa kumwaga mbegu nyingi mahali pamoja na kumwagilia jioni hadi udongo unalala na maji. Punguza miche ibaki umbali wa vidole viwili, mwagilia asubuhi, na miche uliyoipunguza usiitupe. Ndiyo mboga laini kuliko zote utakazopata.

Viwavi wa mchicha wanajificha. Utaona jani limekunjwa na kushonwa kwa utando mweupe. Ndani mna kiwavi wa kijani anayekula nyama ya jani na kuacha wavu. Kwa tuta la nyumbani, dakika kumi za kuminya majani yaliyokunjwa kila asubuhi zinatosha. Wakizidi, twanga kilo 1 ya majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha kwenye lita 5 za maji, chuja kwa kitambaa, weka sabuni kidogo ili dawa ishike, na upige jioni upande wa chini wa majani. Vipele vyeupe kama chokaa chini ya jani ni kutu nyeupe. Hiyo inatokana na msongamano na unyevu, ng'oa mimea iliyoshikwa na uache hewa ipite.

Kung'oa au kukata? Ukiwa na mbegu nyingi na unataka tuta liwe wazi haraka, ng'oa siku ya 25 au 30. Ukitaka kula kidogo kidogo, hamishia miche kwenye nafasi ya sentimita 20 kwa 20, na wiki ya tano au ya sita kata shina sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi ukiacha vifundo kadhaa. Matawi ya pembeni yatatoka, na utakata tena kila wiki mbili au tatu hadi mmea uanze maua. Kwa njia hii chagua aina ya majani mapana inayochelewa kutoa maua. Madiira 1 na Madiira 2, zilizotokana na kazi ya watafiti wa mboga mkoani Arusha, ni nzuri kwa kukata.

Jambo moja la mijini halifai kufichwa. Mchicha unanyonya kilichomo kwenye udongo na maji, kizuri na kibaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, Dar es Salaam, ulikuta madini mazito kama risasi na kadimiamu ndani ya majani. Kuosha kunatoa tope na vijidudu vya juu ya jani. Madini yaliyo ndani ya jani hayaoshwi. Kama bonde lako linapokea maji ya viwanda au gereji, usilime hapo mboga ya majani ya aina yoyote.

Jikoni mchicha ndio mwepesi kuliko zote. Kaanga kitunguu na nyanya hadi mafuta yatoke juu, tia mchicha uliooshwa na kukatwa, geuza, dakika tatu hadi tano, chumvi mwishoni. Chumvi ukiiweka mwanzo unatoa maji mengi na mboga inaelea. Kwa mchicha wa karanga, kilo 1 ya mchicha inabeba karanga zilizosagwa gramu 100. Zikoroge kwanza kwa maji ya vuguvugu, zichemke peke yake dakika tano, ndipo mchicha uingie. Majani yaliyokomaa, yale yanayoacha ukavu kwenye meno, yana oksalati nyingi. Yachemshe dakika tatu kwenye maji mengi na maji hayo uyamwage, hasa kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kupata mawe ya figo.

Matembele: kwa wanaotaka mboga bila kuamka nayo

Kama unapanda mboga moja tu na huna uhakika na muda wako, panda matembele. Hayana mbegu ya kununua, hayafi kwa kusahauliwa wiki moja, na kila unapochuma yanatoa matawi mapya.

Kata marando ya sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye ncha za mimea yenye afya. Usichukue sehemu ya nyuma iliyokomaa kama kuni: huko ndiko fukusi wa viazi hutaga mayai, nawe utakuwa umembeba mwenyewe shambani. Ondoa majani ya chini, uyalaze kivulini siku moja au mbili hadi vifundo vianze kuonyesha vidoa vyeupe vya mizizi, kisha panda kwa kulaza, vifundo viwili au vitatu chini ya udongo, umbali wa sentimita 20 hadi 25. Huu ni upandaji wa majani. Anayetaka viazi anaachanisha zaidi, na hapo ndipo uamuzi unahitajika: shamba moja halikupi vyote kwa ukamilifu. Kila ncha unayochuma ni chakula kilichokuwa kinakwenda chini. Chuma mara mbili tatu kwa msimu, viazi vitapatikana. Chuma kila wiki mbili, utakuta mizizi myembamba kama kalamu. Tenga kona ya majani na kona ya viazi.

Chumo la kwanza ni wiki ya tano au ya sita. Kata ncha zenye urefu wa kiganja, na uache angalau vifundo vitatu kwenye kila tawi. Tuta la mita 1 kwa 5 likiwa na afya hutoa kilo 3 hadi 5 kila wiki mbili, na kati ya machumo lipe nusu ndoo ya samadi au majivu kidogo. Baada ya miezi sita hivi majani huwa madogo na vikonyo vyake vigumu. Hapo usiongeze mbolea. Ng'oa, na upande marando mapya sehemu nyingine.

Adui mkubwa ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe na vidukari. Mmea unadumaa, majani yanakuwa membamba yenye mabaka ya njano, na marando hayarefuki. Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa wote na uuondoe shambani, na usikate kipando hata kimoja kutoka kwake, kwa kuwa ugonjwa huu unasafiri zaidi kwenye mikono ya anayegawa marando kuliko kwenye mabawa ya nzi.

Kupika: chukua jani na kikonyo chake, vunja ncha ya kikonyo na uivute, ngozi inatoka kama uzi. Kazi hii wengine huiruka, na ndiyo sababu matembele yao yana kamba kinywani. Osha kabla ya kukata. Utomvu wa matembele unageuka mweusi ukikutana na hewa na chuma, kwa hiyo yaliyokatwa usiku kwa ajili ya mchana wa kesho, au yaliyopikwa kwenye karai la chuma, yatakuwa meusi hata ufanye nini. Kata, bandika muda huo huo, tia nyanya chungu zilizopasuliwa nne nne pamoja na kitunguu na nyanya, pika wazi bila mfuniko dakika nane hadi kumi, na ukitaka umalizie na tui zito, lichemke mara moja tu. Nyanya chungu na matembele vinafaana kweli: uchungu wake unakata ule utelezi kidogo wa majani.

Kisamvu: kazi ya kinu, na sababu yake

Kisamvu ndicho chenye shibe kuliko vyote vitatu. Majani mabichi yana protini karibu gramu 7 katika kila gramu 100, wakati mchicha na matembele viko karibu na gramu 2.5. Lakini ndicho pekee kati ya hivi ambacho kikipikwa vibaya kinadhuru, na ni vizuri kujua kinachotokea ndani ya kinu.

Jani la muhogo lina kitu kinachoitwa linamarini, na pembeni yake, kwenye ukuta wa seli, lina kimeng'enya, yaani kitu kinachoweza kuivunja. Vikiwa mbali hakuna tatizo. Mchi unapovunja seli, vinakutana, na linamarini inavunjika hadi kutoa sianidi. Sianidi ni sumu, lakini huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za joto, yaani hupotelea hewani kwa urahisi sana. Kwa hiyo utaratibu wenye akili ni huu: twanga majani mabichi hadi yalainike kabisa, dakika 10 hadi 15 za mchi wa nguvu, yaache wazi kidogo, kisha yachemshe bila mfuniko kwa nusu saa ya kwanza.

Anayechemsha majani mazima kwanza ndipo atwange anarahisisha mkono, ila anaua kimeng'enya kwa moto kabla hakijafanya kazi. Linamarini inabaki, na inatoka tu kwa kuingia kwenye maji. Ukipika kwa njia hiyo, maji ya kwanza lazima yamwagwe, na vitamini zinakwenda nayo. Kisamvu cha kusaga kwa mashine cha sokoni kimeshavunjwa vizuri, lakini nacho bado kinahitaji kuchemka wazi muda ule ule.

Chuma majani laini matano au sita ya kileleni, tupa vikonyo. Kwa kilo 1 ya kisamvu kilichotwangwa pamoja na punje chache za kitunguu swaumu, tia lita 2 za maji. Baada ya nusu saa wazi, funika na uendelee nusu saa nyingine au zaidi hadi maji yanywee. Kunde zilizochemshwa zinaingia hapa. Kisha tui jepesi la nazi mbili, baadaye tui zito, na ukoroge hadi mafuta ya nazi yaonekane pembeni. Kongo na Rwanda wanatumia mawese mahali pa tui, pamoja na samaki mkavu au karanga. Ladha inakuwa nzito zaidi. Magadi yanalainisha haraka na kuhifadhi rangi, ila yanaharibu vitamini C na B1. Kinu kizuri kinafanya kazi hiyo bila hasara.

Usiwape mbuzi majani mabichi ya muhogo kwa wingi. Mbuzi hana kinu wala moto, na vifo vya namna hiyo hutokea kweli.

Kwenye kupanda hakuna mengi: pingili ya sentimita 25 hadi 30 kutoka shina lililokomaa, ilazwe au isimamishwe kwa kuinama, mita moja kati ya mmea na mmea. Anza kuchuma mwezi wa tatu au wa nne, ncha chache kwa kila mmea, mara moja kwa mwezi. Ukichuma kila wiki mihogo inakonda. Mimea sita hadi minane yenye matawi matatu inatoa takriban kilo moja ya majani laini kwa chumo moja. Chagua aina tamu, kama Kiroba huku pwani ya Tanzania au Kibandameno upande wa Kenya, usichukue pingili za mihogo michungu ya unga.

Batobato utaijua kwa macho: jani limejikunja upande mmoja, lina mabaka ya njano na kijani, na ni dogo nusu ya kawaida. Mmea huo hautakupa mboga ya maana, na pingili zake ni ugonjwa mtupu.

Hapo ndipo kisamvu cha mpira kinapofaa. Huu ni mti wa jamii ya muhogo uliotoka Brazili, ambao Wajerumani waliupanda kwa mashamba makubwa Tanganyika kwa ajili ya utomvu, hadi bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913. Mashamba yalikufa, miti ikabaki kwenye nyua za watu na kuwa mboga. Kuanzia miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani katika Milima ya Usambara Mashariki, watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliuchanganya na muhogo wa kawaida ili kupata mihogo inayostahimili batobato, na damu ya mti huo imo hadi leo kwenye aina nyingi za mihogo iliyoboreshwa Afrika. Kwa mpandaji wa nyumbani faida ni nyepesi: hauna mihogo ya kuhofia kuikondesha, unakaa miaka mingi, na unafaa kuwa ua. Ukate ubaki mita moja na nusu, la sivyo utahitaji ngazi. Majani yake nayo hutwangwa na kuchemshwa vile vile, bila kupunguza hatua.

Lishe, kwa ufupi

Zote tatu zina vitamini A kwa wingi, na zote zinahitaji mafuta kidogo au nazi ili mwili uichukue. Madini ya chuma ya majani hayaingii mwilini kwa urahisi. Ndimu iliyokamuliwa mezani inasaidia, chai ya rangi juu ya chakula inazuia. Kisamvu kibichi kina vitamini C nyingi ajabu, ila saa moja ya moto inaimaliza kwa sehemu kubwa, kwa hiyo usikihesabie hiyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mboga, ila ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki na amweleze daktari wake.

Basi, nani apande nini

Mpangaji mwenye kibaraza tu achukue gunia la matembele. Jaza udongo na samadi kwa uwiano wa mbili kwa moja, katikati simamisha nguzo ya kokoto ya kupitisha maji, toboa pembeni, chomeka marando 20 hadi 25. Mchicha utakubali beseni lenye kina cha sentimita 15 na matundu chini, ila kwa mlo mmoja kwa mwezi.

Mwenye kisima au bomba la uhakika na soko la jirani alime mchicha, matuta manne yanayopishana wiki moja moja, ili kila Jumamosi kuwe na tuta la kung'oa. Kwa biashara ndogo hakuna kinachomshinda, kwa kuwa fedha inarudi ndani ya mwezi. Kwa mtoto anayeanza kula, mchicha mchanga pia ndio unaolainika haraka zaidi.

Mwenye shamba la mbali analolitembelea mara mbili kwa mwezi asipoteze mbegu, aweke muhogo. Anayeishi peke yake, anayerudi jioni na jiko moja la mkaa, kisamvu hakimfai siku za kazi. Akitaka, atwange na kuchemsha cha kilo mbili Jumapili, akigawe kwenye vifuko na kukigandisha kabla ya kutia nazi. Walioko Ulaya na Marekani hukipata hivyo hivyo, kilichotwangwa na kugandishwa, kwenye maduka ya Waafrika, na matembele mabichi kwenye masoko ya Waasia.

Mwenye tuta letu la mita tano na maji ya wastani, tungemwekea matembele mita tatu, mchicha mita mbili wakati wa mvua tu, na miti miwili mitatu ya kisamvu cha mpira kwenye kona ya ua.

Marando usiyanunue jioni. Nenda shambani kwa anayeyauza asubuhi, uone mmea mzima yanakotoka: majani mapana ya rangi moja, hakuna njano, hakuna nzi weupe wanaoruka ukitikisa. Kata shina moja. Likitoa utomvu mweupe na likavunjika kwa mlio, ni changa. Yafunge kwenye gunia bichi, na yasikae juani juu ya pikipiki hata nusu saa.